Jaribio la dawa likiandikwa "limekamilika", limethibitisha nini?

Swali: Assalaam alaykum, daktari. Mwanangu Salim ana miaka sita, ana selimundu, na mara ya mwisho alipopimwa alikuwa na kilo 18. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu orodha ndefu ya majaribio ya dawa za ugonjwa huu, na karibu yote yameandikwa "Completed". Je, ina maana dawa hizo zimeshathibitika? Mbona nyingine nikiuliza duka la dawa hapa mjini wananiambia hawazijui? Na mimi mwenyewe nina presha, ningependa kujua kama kuna jaribio lililofanywa kwa watu kama sisi. (Mama Salim, Maweni, Malindi)

Jibu:

Waalaykum salaam, Mama Salim, na pole kwa kuuguza.

Neno hilo "Completed" lina maana moja tu: mshiriki wa mwisho ameshaonwa kwa mara ya mwisho, na kukusanya taarifa kumefikia mwisho uliopangwa. Halisemi dawa imefaulu, halisemi imeshindwa, wala halisemi kwamba kuna mtu ameketi akayaandika matokeo. Jahazi limetia nanga, shehena bado hujaiona. Kwa hiyo ile orodha aliyokuonyesha mpwa wako ina dawa zilizookoa watoto, ina dawa zisizofanya lolote, na ina dawa ambayo baadaye iliondolewa madukani dunia nzima kwa sababu ya madhara. Zote zina neno lilelile.

Yako maneno mengine utakayokutana nayo. "Withdrawn" ni jaribio lililofutwa kabla ya mtu hata mmoja kuandikishwa. "Terminated" ni lililosimamishwa katikati. "Unknown status" ni lile ambalo tarehe yake ya kumalizika imepita na wenyewe hawajathibitisha hali yake kwa miaka miwili. Hilo la mwisho ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa sababu nyuma yake kuna watu waliotoa damu yao na muda wao, na jibu halijaonekana.

Usidhani kusimamishwa katikati ni habari mbaya kila mara. Kuna jaribio liitwalo FEAST, lililofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, na hospitali ya Kilifi hapo jirani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Swali lilikuwa hili: mtoto akifika hospitali na homa kali, mikono na miguu imepoa, damu haizunguki vizuri, je, amiminiwe maji ya dripu kwa wingi na kwa haraka, kama vitabu vya ng'ambo vilivyofundisha kwa miaka mingi, au apewe yale ya kawaida ya kumtunza tu? Walipangwa watoto 3,600. Walipofika 3,141, Januari 2011, kamati huru inayochungulia takwimu ikaamuru kazi isimame. Kwa saa 48 za kwanza, katika makundi mawili yaliyomiminiwa maji kwa haraka walikufa watoto 10.6 na 10.5 katika kila 100. Katika kundi ambalo halikumiminiwa walikufa 7.3. Jambo ambalo kila daktari aliliona la wazi lilikuwa likiua. Jaribio hilo halikufika idadi iliyopangwa, na jibu lake lina uzito kuliko mengi yaliyofika.

Mfano wa pili ni wa ugonjwa wa Salim. Uganda walilinganisha namna mbili za kutoa haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu, kwa watoto 187 wenye ugonjwa huo: kundi moja lilibaki na kipimo kimoja cha miligramu 20 hivi kwa kila kilo ya mwili, jingine likapandishwa pole pole hadi karibu miligramu 30. Kamati ikalisimamisha kabla ya wakati kwa sababu waliopandishiwa walikuwa wakiumwa mara chache mno kuliko wenzao, na haikuwa haki kuwaacha wale wengine nyuma. Matokeo yakachapishwa 2020.

Basi mkifungua ukurasa wa jaribio, acheni neno la juu, teremkeni chini. Kila jaribio lina namba yake. Katika daftari la Marekani la kusajilia majaribio ni herufi NCT na tarakimu nane, na daftari la Afrika lililoko Cape Town hutumia PACTR. Inakili namba hiyo kamili, kwa sababu majina ya majaribio hufanana na ni rahisi kuchanganya.

Kwanza tafuta "Primary Outcome", yaani jambo kuu walilokusudia kulipima. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo.

Kuna dawa ya selimundu iitwayo vokselotori. Jaribio lake kubwa, HOPE, lilikuwa na watu 274, likachapishwa 2019. Jambo kuu lililopimwa lilikuwa kupanda kwa hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa. Kwa waliopewa kipimo kikubwa, 51 katika kila 100 walipandisha hemoglobini kwa zaidi ya gramu moja. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, 7 tu. Ni ushindi mkubwa, na mwaka huohuo Marekani ikaipa kibali cha haraka. Lakini mama wa mtoto mwenye selimundu halali macho usiku kwa sababu ya namba ya hemoglobini. Hukesha kwa sababu mtoto analia na mifupa, au anahema, au amepelekwa kuongezwa damu. Hayo hayakuwa jambo kuu lililopimwa. Septemba 2024 kampuni yenyewe ikaiondoa dawa hiyo sokoni dunia nzima, kwa kuwa taarifa za baadaye zilionyesha maumivu makali na vifo vilivyozidi kwa waliokuwa wakiitumia. Kwa hiyo duka la dawa likikwambia haliijui, halijakosea, na mtu akikuuzia kwa simu, usinunue.

Namba ya maabara ikipanda ni dalili njema, lakini uliza kila mara: na mtoto mwenyewe, aliumwa mara chache zaidi? Aliishi?

Sasa haidroksiyurea, kwa kuwa najua ndiyo inayokuhusu. Jaribio la karibu nawe kabisa ni REACH, namba NCT01966731, lililofanywa Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kituo cha Kenya ni hapo Kilifi. Watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi walianza dawa, na matokeo yakatoka 2019. Waliandika matukio kwa hesabu ya watoto 100 wakifuatwa mwaka mmoja. Mashambulizi ya maumivu yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Malaria ikashuka kutoka 46.9 hadi 22.9. Kuongezwa damu kukashuka kutoka 43.3 hadi 14.2. Vifo vikashuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Hapa wamepima kile mama anachokiona nyumbani, na ndiyo sababu naliheshimu sana jaribio hili.

Hata hivyo nikuonyeshe na udhaifu wake, maana ukiusoma ukurasa wake utaukuta. Halikuwa na kundi la kulinganisha. Kila mtoto alipewa dawa, na hali yake ikalinganishwa na ile ya miezi miwili kabla hajaanza. Ubaya wa mpango huo ni kwamba mtoto anaweza kuletwa utafitini wakati hali yake ni mbaya, kisha akapata nafuu ambayo ingekuja hata bila dawa, na kuonwa na daktari kila mwezi peke yake kunasaidia. Kwa nini basi walikubali? Kwa sababu Marekani walishathibitisha dawa hii kwa watu wazima 1995, na kwa watoto wachanga 2011, tena kwa kulinganisha na kidonge kisicho na dawa. Kumnyima mtoto dawa inayojulikana kusaidia ili tu upate kundi la kulinganisha si jambo la haki. Swali lililobaki la Afrika lilikuwa malaria: je, dawa inayopunguza chembe za damu haitamwacha mtoto wazi kwa mbu? Hilo lilijibiwa na jaribio jingine la Uganda lililochapishwa 2017, NOHARM, ambalo lilikuwa na kundi la kidonge kisicho na dawa. Katika watoto 208, waliotumia haidroksiyurea hawakupata malaria zaidi ya wenzao. Ukiyaweka pamoja majaribio hayo, jibu linasimama imara. Jaribio moja peke yake ni nadra kutosha.

Salim ana miaka sita, kwa hiyo yumo ndani ya umri wa REACH. Angalia jambo hilo kila unaposoma: nani aliingizwa na nani aliachwa nje. Dawa iliyojaribiwa kwa wanaume wa miaka 40 haijakwambia lolote kuhusu mtoto, wala kuhusu mama mjamzito.

Tuje kwenye kipimo, ili daktari akikuandikia usishangae. Mtoto wa kilo 18 akianzishiwa miligramu 20 kwa kilo anahitaji miligramu 360 kwa siku. Kidonge cha kawaida kina miligramu 500. Ukimpa kimoja kila siku, anapata karibu 28 kwa kilo, kingi mno cha kuanzia kabla damu yake haijajulikana inavyoipokea. Ndiyo maana wengine huandikiwa vidonge vitano kwa wiki, siku tano anameza na mbili anapumzika: 2,500 ukigawa kwa siku saba ni 357, karibu sawasawa na kilichotakiwa. Mzazi asiyeelezwa huona siku mbili zimerukwa akadhani ni kosa la karani, akazijaza mwenyewe. Usizijaze, wala usimwanzishie dawa hii bila daktari.

Dawa hii hufanya kazi ndani ya uboho, mahali damu inapotengenezwa, na ikizidi huukandamiza. Kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila wiki nne hivi wakati kipimo kinatafutwa, halafu kila miezi miwili au mitatu kikishatulia. Wanaangalia nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu, na chembe zinazogandisha damu. Za kwanza zikishuka chini ya 1,000, au za pili chini ya 80,000, dawa husimamishwa mpaka zipande, kisha huanzishwa tena, pengine kwa kipimo kidogo. Katika REACH, madhara ya namna hiyo katika miezi mitatu ya kwanza yaliwapata watoto wapatao 5 katika kila 100, chini ya kikomo walichokuwa wamejiwekea.

Usikifungue kidonge kwa mikono mitupu, na aliye mjamzito nyumbani asikishike kabisa. Salim akipata joto la 38.5 au zaidi, usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huohuo, awe anatumia dawa hii au hatumii. Na haidroksiyurea haiondoi chandarua, wala dawa ya kuzuia malaria aliyoandikiwa.

Lipo jambo jingine ambalo kurasa za majaribio hazilisemi wazi. Ndani ya jaribio dawa ni bure, nauli hurudishwa, vipimo vina tarehe, na mtoto asipofika hupigiwa simu. Huku nje, mama anatoka Maweni kwenda Kilifi, kilomita kama 60, kwa matatu, na siku ya kipimo ikiangukia siku asiyo na nauli, inapita. Dawa ileile, matokeo tofauti. Mfano wa wazi ni vidonge vya kuzuia virusi vya ukimwi. Jaribio la VOICE liliandikisha wanawake 5,029 Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, likakamilika, na likaonyesha kwamba vidonge havikuzuia kitu. Walipoipima damu, dawa ilionekana katika sampuli zisizofika theluthi moja, maana yake wengi hawakuwa wakimeza. Jaribio jingine la wakati huohuo, Kenya na Uganda, kwa wanandoa 4,758 ambao mmoja wao ana virusi, lilikuta kinga ya 67 kwa dawa moja na 75 kwa zile mbili zilizochanganywa, kwa kila 100. Anayesoma VOICE peke yake ataitupa dawa nzuri. Ukiona jaribio limeshindwa, uliza kwanza kama dawa ilimezwa.

Kuhusu presha yako. Ndiyo, lipo, tena ni la watu weusi wa Afrika tu. Linaitwa CREOLE, na Kenya ilikuwa moja ya nchi sita. Watu 728 walipewa dawa mbili kwa pamoja, kwa michanganyiko mitatu, na presha ikapimwa kwa mashine ya kuvaliwa saa 24 badala ya kipimo kimoja cha kliniki, ambacho hupanda kwa hofu tu ya kuwaona madaktari. Mchanganyiko wenye amlodipini, iwe pamoja na dawa ya kukojoza maji au pamoja na perindoprili, ulishusha presha kwa vipimo 3 hivi zaidi ya mchanganyiko usio na amlodipini. Vitatu vinaonekana vichache. Kwa mtu mmoja ni vichache kweli, kwa mji mzima ni viharusi vilivyozuiwa. Tazama karatasi yako: kama una dawa mbili na amlodipini haimo, muulize daktari sababu. Huenda anayo, kwa mfano kuvimba miguu, ambako amlodipini inajulikana kukuleta.

Na uwe mwangalifu na asilimia, kwa sababu namba ileile inaweza kuvishwa nguo mbili. Jaribio la AQUAMAT lililinganisha sindano ya atesuneti na ya kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, katika nchi tisa za Afrika. Waliokufa walikuwa 230 kati ya 2,712 kwa atesuneti, na 297 kati ya 2,713 kwa kwinini. Ukisema vifo vimepungua kwa asilimia 22.5, umesema kweli. Ukisema wamepona zaidi watoto wawili na nusu katika kila 100, nayo ni kweli. Mimi hupenda hesabu ya tatu: ukiwatibu watoto 41 kwa atesuneti badala ya kwinini, umemwokoa mmoja ambaye angekufa. Kwa hospitali moja ya pwani msimu wa mvua, huyo ni mtoto unayeweza kumwona akitoka mlangoni mgongoni mwa mamake. Ukikutana na asilimia peke yake, rudi utafute wangapi kati ya wangapi.

Vivyo hivyo chanjo ya malaria ya R21. Kilifi ilikuwa kituo, na watoto wote walikuwa wapatao 4,800. Ufanisi wa mwaka wa kwanza mahali malaria iko mwaka mzima kama huku ulikuwa 68 kwa 100. Hiyo haina maana watoto 68 hawaugui kabisa na 32 wameachwa bila kinga. Ina maana homa za malaria zilikuwa chache kwa kiasi hicho kuliko kwa watoto wa kundi la pili, ambao nao hawakutoka mikono mitupu, walichanjwa kichaa cha mbwa.

Ukiwa bado kwenye ukurasa, tazama mambo mawili ya haraka. Tarehe ya kusajiliwa ije kabla ya tarehe ya kuanza. Ikija miezi mingi baadaye, inawezekana walishaona mwelekeo ndipo wakaandika walichokuwa "wakikitafuta". Na idadi iliyopangwa ilingane na idadi halisi, "Actual". Wakipanga 600 wakapata 90, hata "hakuna tofauti" yao haina nguvu, kwa maana watu 90 hawatoshi kuionyesha. Matokeo yasipowekwa hapo, inakili namba ya jaribio uitafute kwenye intaneti, mara nyingi makala iliyochapishwa huitaja namba hiyo mwanzoni. Sheria ya Marekani ya 2007 inataka majaribio mengi ya dawa yaweke matokeo ndani ya mwaka mmoja tangu jambo kuu lilipomalizwa kupimwa. Wapo wanaochelewa, na wapo wasioweka.

Hata jaribio zuri lililochapishwa halipeleki dawa dukani Malindi. Lazima mtengenezaji aisajili kwa Bodi ya Dawa na Sumu, na kibali cha Marekani au Ulaya peke yake hakitoshi hapa. Haidroksiyurea haina kizuizi hicho, ni dawa ya zamani.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda hospitali ya Malindi na kadi ya Salim, uulize siku ya kliniki ya selimundu, na kama hawaanzishi dawa hii huko, omba barua ya kumpeleka Kilifi. Beba karatasi iliyoandikwa mara ngapi ameumwa na mifupa mwaka huu, mara ngapi amelazwa, mara ngapi ameongezwa damu na tarehe ya mwisho, pamoja na dawa zote anazomeza. Muulize daktari ataanza na miligramu ngapi kwa kilo, na damu itapimwa tarehe gani na wapi, kabla hujakubali vidonge vya kwanza. Kama kipimo kinaweza kufanyika Malindi majibu yakatumwa Kilifi, umeokoa nauli ya miezi. Na kila ukienda, hakikisha amepimwa uzito upya: akifika kilo 21, zile 357 za kwanza zimeshakuwa 17 kwa kilo, na maumivu yanaweza kurudi ilhali hajakosa kidonge hata kimoja.